Barua ya wazi kwa watunga sheria za kodi wa Marekani: mwenye biashara ndogo naye ni mwajiri

Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Ways and Means ya Baraza la Wawakilishi, wajumbe wa Kamati ya Fedha ya Seneti, Waziri wa Fedha wa Marekani na Kamishna wa IRS, idara ya kodi ya serikali kuu.

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mhasibu wa biashara ndogo hapa Marekani. Naandaa mishahara na ritani za kodi za watu wenye vituo vya kulea watoto, wenye malori mawili matatu, wenye saluni za kusuka nywele, na wale wanaopeleka wahudumu kwa wazee majumbani. Wateja wangu wengi wanazungumza Kiswahili kazini na nyumbani. Ndiyo maana nimeandika kwa Kiswahili, ili ninaowasemea waisome barua hii kabla yenu. Ninyi nitawatumia tafsiri.

Hoja yangu ni moja. Mwajiri akimchangia mfanyakazi wake akiba ya uzeeni, mchango huo hautozwi kodi za mishahara: si Social Security ya pensheni, si Medicare ya matibabu ya wazee, si kodi ya ukosefu wa ajira. Mwenye biashara aliyesajili kampuni na kujilipa mshahara naye anahesabiwa mfanyakazi wa kampuni yake, kwa hiyo mchango ambao kampuni inamwekea unapita bila kuguswa. Ila mwenye biashara asiye na kampuni, yule anayeripoti mapato yake kwenye Schedule C, fomu ya faida ya biashara ya mtu binafsi, akijiwekea mchango wa namna ileile kwenye mpango uleule, fedha hiyo inahesabiwa kwanza kwenye kodi ya kujiajiri, ile ya asilimia 15.3. Naomba mwondoe tofauti hiyo. Siombi iondolewe yote, nitafika huko.

Ninyi mnaijua sheria hii kwa sababu iko mikononi mwenu. Wasomaji wangu wanakutana nayo kwenye hati ya mshahara tu, tena bila maelezo, kwa hiyo naomba mnivumilie nianzie hapo.

Mhudumu analipwa dola 4,000 kwa mwezi na ameamua akatwe dola 200 ziende kwenye SIMPLE IRA, mpango wa akiba ya uzeeni wa biashara ndogo. Kodi ya mapato inahesabiwa kwenye dola 3,800. Lakini Social Security, asilimia 6.2, na Medicare, asilimia 1.45, zinahesabiwa kwenye dola 4,000 zote. Jumla ya kodi hizo mbili, ambazo kwa pamoja huitwa FICA, ni dola 306, na mwajiri naye anatoa 306 zake. Zile 200 hazikumpunguzia FICA hata senti. Mwenzake analipwa vilevile, hajajiunga na akiba, ila anakatwa dola 200 za bima ya afya kupitia mpango wa kifungu cha 125 cha sheria ya kodi. Huyu FICA yake inahesabiwa kwenye dola 3,800, nayo ni dola 290.70. Hati zote mbili zimeandika dola 200 za makato “kabla ya kodi”. Mmoja amekatwa dola 15.30 zaidi ya mwenzake, na wakilinganisha hati zao wakati wa mapumziko, anayepigiwa simu ni mimi.

Sasa mwajiri wa yule wa kwanza anaongeza mchango wake wa asilimia 3 ya mshahara, yaani dola 120. Hizi hazitozwi kodi ya mapato mpaka siku zitakapotolewa, na FICA hazitozwi kabisa, si leo si uzeeni. Kama angempa dola 120 hizo kama nyongeza ya mshahara, pande mbili zingelipa dola 18.36 kwa pamoja. Kwa hiyo kuna fedha za aina mbili zinazoingia kwenye akaunti moja ya mtu mmoja, moja imelipiwa FICA na nyingine haijalipiwa, na siku ya kustaafu hakuna atakayeweza kuzitofautisha.

Mwisho wa mwaka W-2 ya mhudumu huyo, yaani hati ya mshahara wake wa mwaka, inatoka na dola 45,600 kwenye kisanduku cha 1, dola 48,000 kwenye cha 3 na cha 5, na dola 2,400 kwenye cha 12 pembeni ya herufi S, alama ya SIMPLE. Kila Januari mtu ananiambia W-2 yake imekosewa. Haijakosewa.

Sababu ya mpangilio huu ni ya kihistoria. Mpango wa 401(k), wa akiba ya uzeeni kupitia kazini, ulitokana na sheria ya mapato ya mwaka 1978, na katika miaka yake ya mwanzo makato ya hiari ya mfanyakazi hayakutozwa FICA. Mwaka 1983 mfuko wa Social Security ulikuwa unaelekea kukauka. Bunge likapitisha marekebisho makubwa, Rais Ronald Reagan akayatia saini mwezi Aprili, na ndani yake likaamua kwamba fedha ambayo mfanyakazi angeweza kuipokea mkononi lakini akachagua kuiweka akiba ni mshahara wake, itozwe. Mchango wa mwajiri, ambao mfanyakazi hana hiari ya kuuchukua taslimu, ukaachwa nje.

Uamuzi huo naukubali, ingawa wateja wangu hawapendi kunisikia nikisema hivyo. Pensheni ya Social Security inahesabiwa kwa miaka 35 yenye kipato kikubwa zaidi. Sehemu ya chini ya wastani wa mwezi inarudishwa kwa asilimia 90, inayofuata kwa asilimia 32, na ya juu kwa asilimia 15. Mhudumu wa dola 4,000 kwa mwezi hayuko kwenye ngazi ya juu kabisa. Mkimwondolea FICA kwenye akiba yake leo, mnampunguzia pensheni ambayo kwa kipato chake ni dili nzuri kuliko nyingi zinazouzwa na mawakala wa bima. Kwa hiyo upande wa makato ya mfanyakazi siombi kitu. Liacheni lilivyo.

Tuje kwa mwenye biashara mwenyewe.

Mama mwenye kituo cha kulea watoto ana waajiriwa wawili, kila mmoja analipwa dola 40,000 kwa mwaka. Tarakimu nimezitunga ziwe nyepesi, lakini watu wa namna hii ninao. Amefungua mpango wa SIMPLE, na kwa kila mmoja anaweka mchango wa asilimia 3, dola 1,200. Mchango huo anauandika kwenye mstari wa 19 wa Schedule C, pamoja na gharama nyingine za biashara, kodi ya pango, chakula cha watoto, bima. Unapunguza faida yake, hivyo unapunguza kodi yake ya mapato na kodi yake ya kujiajiri pia. Wale waajiriwa nao hawatozwi FICA juu yake. Mpaka hapo sheria inamtambua kuwa mwajiri.

Baada ya yote hayo anabaki na faida ya dola 60,000. Anajiwekea na yeye asilimia 3, kwa hesabu ya mpango huo takriban dola 1,662. Mchango huu hauingii mstari wa 19. Unakwenda kwenye mstari wa 16 wa Schedule 1, fomu nyingine kabisa, na kufikia hapo Schedule SE, fomu ya kodi ya kujiajiri, imeshafunga hesabu ya kodi hiyo kwenye dola 60,000 zote. Ile asilimia 3 yake imebeba kodi ya takriban dola 235 ambayo asilimia 3 ya waajiriwa wake haikuibeba. Nusu ya kodi ya kujiajiri anaruhusiwa kuitoa kwenye mapato, kwa hiyo sehemu ndogo inamrudia. Ndogo kweli.

Dola 235 hazimfilisi mtu. Ila mama huyu ni mwajiri kwa kila kipimo mnachokijua. Anajaza Fomu 941, ya kodi za mishahara, kila robo mwaka. Anapeleka makato kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Akiyashikilia, kifungu cha 6672 kinaweza kumfuata yeye binafsi kwa adhabu inayolingana na kodi yote ya wafanyakazi aliyoizuia. Majukumu yote ya mwajiri anayo. Anapojichangia yeye mwenyewe tu ndipo anapoambiwa kwamba hana mwajiri.

Tofauti inakuwa kubwa zaidi mtu akiweza kuweka zaidi. Dereva mwenye lori lake, hana mwajiriwa, amebaki na faida ya dola 60,000. Kodi yake ya kujiajiri inatozwa kwenye asilimia 92.35 ya faida hiyo, nayo inafika dola 8,478. Anafungua SEP, mpango wa akiba ambao michango yake ni ya mwajiri. Kwa aliyejiajiri, kile kikomo cha mchango kinachotangazwa, asilimia 25, kinageuka kuwa asilimia 20 ukishatoa nusu ya kodi ya kujiajiri, kwa sababu mchango wenyewe unapunguza mapato unayopimiwa. (Hesabu hii inazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake, na imenipa wateja wengi.) Anaweza kuweka dola 11,152, na kodi yake ya kujiajiri inabaki palepale, dola 8,478.

Jirani yake ana lori la aina hiyohiyo na fedha hiyohiyo, ila mhasibu wake alimshauri asajili kampuni na kuomba itozwe kodi kwa utaratibu wa aina ya S. Kampuni inamlipa mshahara wa dola 45,000. Inamwekea kwenye SEP asilimia 25 ya mshahara, dola 11,250. Inalipa FICA ya upande wa mwajiri, dola 3,442.50, na yeye anakatwa kiasi kama hicho. Ukijumlisha mshahara, mchango na FICA ya mwajiri unapata dola 59,692.50, fedha yote karibu imekwisha, hapana faida iliyofichwa popote. Akiba ya uzeeni ni ileile, imezidi kidogo. FICA ya pande zote mbili ni dola 6,885. Amelipa dola 1,593 pungufu ya mwenzake, kwa barabara ileile na dizeli ileile.

Mtaniambia basi na huyo wa kwanza asajili kampuni. Wengine nimewashauri hivyo na wamefanya. Lakini kampuni ina gharama zake: ritani ya pili, Fomu 1120-S, kila mwaka; mshahara rasmi unaopitia mfumo wa mishahara hata kama ni mtu mmoja; kodi ya ukosefu wa ajira ya serikali kuu na ya jimbo; ada za jimbo; na mhasibu, ambaye hafanyi kazi bure. Kisha kuna swali la mshahara unaostahili kazi yenyewe, ambalo IRS hulifuatilia, na kwa haki. Mwenye faida ya dola 150,000 gharama hizo hazimshtui. Mwenye faida ya dola 35,000 zinammezea nafuu yote. Kwa hiyo nafuu hii mmeiweka mahali ambapo anayeifikia ni yule aliyekwisha kupata, na mdogo anaambiwa aikodishie ngazi.

Wabia nao wamo. Mbia kwenye biashara ya watu wawili anapewa K-1, hati ya mgawo wake wa faida, analipa kodi ya kujiajiri, na mchango wake wa uzeeni unatolewa kwenye ritani yake binafsi baada ya kodi hiyo kuhesabiwa. Hali ni ileile.

Kinachonishangaza ni kwamba Bunge lenyewe limeshakubali, mara zaidi ya moja, kwamba aliyejiajiri ni mwajiri na mfanyakazi ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1962 lilipitisha sheria iliyobeba jina la mbunge Eugene Keogh wa Brooklyn, iliyomruhusu aliyejiajiri kwa mara ya kwanza kuwa na mpango wa pensheni wenye nafuu ya kodi. Viwango vyake vilikuwa vya kubania. Sheria ya kodi ya mwaka 1982 ikaondoa sehemu kubwa ya tofauti kati ya mipango ya kampuni na mipango ya waliojiajiri, zile za viwango na masharti. Kisha yale marekebisho ya 1983 yakaweka utaratibu ulioanza mwaka 1990: kodi ya kujiajiri ihesabiwe kwenye asilimia 92.35 ya faida, na nusu yake itolewe kwenye mapato. Sababu ya vyote viwili ni moja. Mwajiri halipi FICA juu ya FICA anayomlipia mfanyakazi, na anaitoa kama gharama ya biashara. Aliyejiajiri afanyiwe vivyo hivyo.

Hiyo ndiyo mantiki ninayoiegemea. Kama nusu ya kodi yake ni ya mwajiri, na mchango wake kwenye SEP mnauita mchango wa mwajiri, na viwango vyake mmevilinganisha na vya kampuni, imebaki hatua moja tu: mchango huo utolewe kabla ya Schedule SE, kama unavyotolewa ule wa waajiriwa wake.

Tena mmewahi kufanya jambo la namna hii. Kwa mwaka 2010, na mwaka huo tu, sheria ya kusaidia biashara ndogo iliruhusu aliyejiajiri kutoa gharama ya bima yake ya afya kabla ya kuhesabu kodi ya kujiajiri. Mstari ukaongezwa kwenye ritani, watu wakautumia, mwaka ukaisha, nafuu ikaisha nayo. Dunia haikuanguka.

Najua pingamizi kubwa ni mfuko. Ripoti ya wadhamini wa Social Security ya mwaka 2025 inasema mfuko wa pensheni ya uzeeni utaishiwa akiba yake mwaka 2033, na kuanzia hapo makusanyo yatatosha kulipa asilimia 77 tu ya mafao. Anayeomba msamaha wa kodi hiyohiyo wakati huu lazima aeleze anaomba kiasi gani, na kwa nini.

Ndiyo maana nilisema siombi yote. Napendekeza msamaha uwe na kofia. Mwenye biashara aondolewe kodi ya kujiajiri kwenye mchango wake kwa asilimia ileile anayowawekea waajiriwa wake, basi. Akiwawekea asilimia 3, yeye naye apate kwenye asilimia 3. Akiwawekea 2, apate kwenye 2. Asipowawekea kitu, asipate kitu. Asiye na mwajiriwa kabisa, kama yule dereva, awekewe kikomo cha asilimia 3, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha kulinganisha michango kwenye SIMPLE tangu ilipoanzishwa mwaka 1996. Kwa dereva wetu hiyo ni nafuu ya takriban dola 235 tu, wala haifikii zile 1,593 za jirani yake mwenye kampuni. Wapo wahasibu wenzangu watakaosema nimeuza hoja kwa bei ya chini. Mimi naona mfuko uliobakiza miaka michache haubebi zaidi ya hapo, na ombi lililopimwa lina nafasi kuliko ombi zuri lisilopita.

Kofia hiyo ina faida ya pili. Wenye biashara wengi ninaowajua hawana mpango wowote wa akiba kwa wafanyakazi, na nikiwauliza sababu wanataja usumbufu na gharama. Mkiifunga nafuu ya mwenye mali kwenye mchango wa waajiriwa, mmempa sababu ya kuwachangia ambayo anaiona kwenye ritani yake mwenyewe. SEP tayari ina roho hiyo, maana inamlazimu kuweka asilimia ileile kwa wote wanaostahili.

Na yeye atalipa gharama yake. Mapato yakipungua kwenye Schedule SE, rekodi yake ya Social Security inapungua, na pensheni nayo. Hilo nawaambia wateja kila siku, na ningependa fomu iwaambie pia. Mtu mwenye kipato cha chini sana anaweza kuamua kutoutumia msamaha huu, kwa hiyo uwe wa hiari.

Lipo jambo lingine, dogo kwa maneno lakini kubwa kwa fedha, nalo linahusu punguzo la kuanzisha mpango. Sheria ya SECURE 2.0, iliyosainiwa Desemba 29, 2022, ni ya ukarimu. Mwajiri mwenye waajiriwa wasiozidi 50 anaweza kurudishiwa asilimia 100 ya gharama za kuanzisha na kuendesha mpango, hadi dola 5,000 kwa mwaka kwa miaka mitatu, kutegemea idadi ya wafanyakazi. Juu ya hapo kuna punguzo kwa ajili ya mchango wenyewe, hadi dola 1,000 kwa kila mfanyakazi asiyezidi kikomo cha mshahara, likishuka taratibu kwa miaka mitano. Kwenye karatasi ni neema.

Tatizo ni kodi ipi inayopunguzwa. Punguzo hili linaondoa kodi ya mapato tu, na halirudishwi taslimu. Biashara ndogo changa mara nyingi haina kodi ya mapato ya kutosha. Inachodaiwa kila mwezi, ina faida au haina, ni kodi za mishahara. Mwenye kituo cha kulea watoto aliyeanza mwaka juzi anawachangia watu wake, anastahili punguzo la maelfu, na analibeba kwenda mwaka ujao, na ujao, akisubiri faida. Sheria inamruhusu kulibeba miaka 20. Mwezi huohuo anahangaika kutafuta fedha ya 941.

Dawa yake mnayo kabatini. Mwaka 2015 mliruhusu kampuni changa zinazofanya utafiti zitumie punguzo lao la utafiti kufuta kodi za mishahara za upande wa mwajiri, hadi dola 250,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 mkaongeza kikomo hadi dola 500,000. Hoja yenu ilikuwa hiyohiyo yangu, kwamba biashara changa haina faida lakini ina mishahara. Kama mwenye kampuni ya programu za kompyuta anaweza, mwenye kituo cha kulea watoto anashindwa kwa lipi? Yeye haombi laki tano. Ruhusuni punguzo la kuanzisha mpango litumike kwenye Fomu 941, hata kwa kikomo cha dola 10,000.

Kwa Kamishna wa IRS ninayo maombi ambayo hayahitaji kura ya mtu yeyote.

Maneno “kabla ya kodi” yanawaponza waajiri. Mtu anafungua mfumo wa mishahara, anaongeza makato mapya, anaona kitufe cha “kabla ya kodi”, anabonyeza. Kwa bima ya afya ya kifungu cha 125 amepatia. Kwa 401(k) au SIMPLE, mfumo ukikubali, ameondoa FICA mahali isipotakiwa kuondolewa, na kosa hilo linakwenda kimya kimya robo baada ya robo. Likigunduliwa ni fomu za marekebisho, 941-X kwa kila robo, W-2c kwa kila mfanyakazi, na mwajiri kulipa pande zote mbili, maana mfanyakazi mwenyewe huenda ameshaondoka. Maelezo sahihi yapo kwenye vitabu vyenu, chapisho la 15 na la 560, nami sina ugomvi nayo. Lakini mwenye saluni hasomi chapisho la 560. Jedwali la ukurasa mmoja, lenye aina za mipango upande mmoja na kodi tatu upande mwingine, ndiyo au hapana, lingezuia makosa mengi. Wanaotengeneza mifumo ya mishahara nao watakiwe kutenganisha makato yasiyotozwa kodi ya mapato na yale yasiyotozwa chochote.

Fanyeni hivyo pia kwa mchango wa Roth wa mwajiri. Tangu SECURE 2.0 mfanyakazi anaweza kuchagua mchango wa mwajiri uingie kama Roth. Hapo unatozwa kodi ya mapato mwaka huohuo, lakini FICA bado hautozwi, na unaripotiwa kwenye 1099-R, fomu ya malipo ya pensheni, wala si W-2. Makato ya Roth ya mfanyakazi mwenyewe yanatozwa vyote viwili na yako kwenye W-2. Nimejaribu kulieleza hili kwa simu. Halielezeki kwa simu.

Narudi kwenu Waheshimiwa wa Kamati. Kinachohitajika ni kifungu cha 1402, kinachofafanua mapato halisi ya aliyejiajiri, kiongezewe aya moja inayoruhusu mchango wa mwajiri kwa ajili ya mwenye biashara utolewe hadi kikomo nilichotaja. Mfano wa lugha mnao kwenye kifungu cha 162(l), aya ya nne, palipo na zile tarehe za mwaka 2010. Safari hii naomba msiweke tarehe ya mwisho. Na punguzo la kuanzisha mpango lipewe mlango wa Fomu 941 kupitia muswada wowote wa pensheni utakaofika mezani kwenu.

Niko tayari kuleta hesabu za wateja wangu, majina yakiwa yamefutwa, mbele ya wataalamu wa kamati yoyote watakaotaka kuziona.

Wenu mtiifu,

Mhasibu wa biashara ndogo